Maabara ya usalama wa kompyuta imepigwa kufuli: mwenye ufunguo ni Idara au TEHAMA?

#1 Mwana Kwimba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nafundisha somo la usalama wa kompyuta, mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Mwanza. Jina la chuo naliacha. Nataka tujadili jambo lenyewe, sitaki kuchafua watu ninaokula nao meza moja.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne, tulikuwa na kipindi cha vitendo. Wanafunzi 22, kila mmoja na mashine pepe mbili (kompyuta za programu tu) ndani ya kompyuta yake, moja ya mshambuliaji na nyingine ya mshambuliwa. Somo la siku hiyo: namna kompyuta inavyoomba anwani ya IP (namba ya kuitambulisha) inapoingia kwenye mtandao, na namna mwizi anavyoweza kuwahi kulijibu ombi hilo kabla ya seva halali. Saa tano na dakika kumi hivi mtandao wa jengo la utawala ukafa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kujisajili kwa mitihani. Foleni ya dirisha la mhasibu ilishuka mpaka kwenye ngazi, watoto wa watu wameshika namba za malipo mkononi, mfumo haufunguki.

Nusu saa baadaye vijana wa kitengo cha TEHAMA wakaingia maabara, wakachomoa kebo kuu, wakatutoa nje, wakapiga kufuli. Kesho yake ukatoka waraka: mafunzo yote ya udukuzi kwa vitendo yamesitishwa hadi kitengo kitakapotoa kibali. Sikuulizwa. Mkuu wa Idara hakuulizwa. Mkuu wa Kitivo aliusoma waraka ubaoni, amesimama katikati ya wanafunzi.

Maswali yangu ni mawili. Mtaala wetu umepitishwa na Seneti, una ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na saa za vitendo zimeandikwa humo. Je, meneja wa TEHAMA anaweza kuzifuta kwa karatasi moja? Na kwa mafundi: kweli maabara yangu ndiyo iliyoua mtandao? Ushahidi sijaonyeshwa hadi leo.

#2 Sangara Mkavu

Mkuu, kabla ya kufika Seneti tuanze na hizo mashine pepe. Mlizifunga kwenye mtandao wa ndani au mliziweka kwa njia ya daraja, zikaungana moja kwa moja na mtandao wa chuo? Mwanafunzi mmoja tu akihamisha mpangilio kwenda kwenye daraja, seva yake ya mazoezi ya DHCP, ule utaratibu wa kugawa anwani, inaanza kuzigawa kwa kompyuta za wahasibu. Jibu linalofika kwanza ndilo linalochukuliwa, na seva halali mara nyingi iko mbali, imeelemewa. Nimeliona hili mara mbili kwa macho yangu. Naweka dau hapo.

#3 Mzee wa Ruta

Pole mwalimu. Nimekaa upande wa pili wa kufuli hilo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ngoja niseme yanayosemwa huko.

Mei 2017, WannaCry ilipoanza kufunga mafaili ya watu duniani na kudai fidia, tulikuwa mafundi wawili kwa chuo kizima. Tulizunguka ofisi kwa ofisi na flashi yenye sasisho la Windows, tangu Ijumaa usiku hadi Jumapili, tukiwaamsha walinzi watufungulie milango. Hakuna mhadhiri aliyekuja kuuliza tumekula nini. Sasa mtandao ukianguka, fundi wa aina hiyo anakimbilia kwanza kwenye chumba ambacho anajua watu wanachezea moto. Hana chuki na mtu. Makamu Mkuu wa Chuo akipiga simu saa tano asubuhi, anampigia yeye, hakupigii wewe.

#4 Mwana Kwimba

Mzee wa Ruta, shikamoo, na ahsante kwa kusema wazi. Kukata kebo sina ugomvi nako. Nyumba ikiwaka, anayeona moshi avunje mlango. Ugomvi wangu ni waraka wa kesho yake. Dharura ilikwisha saa sita mchana, lakini amri bado ipo wiki ya pili, na aliyeitoa hafundishi wala hajui wanafunzi wangu wana mtihani wa vitendo mwezi ujao.

Sangara, niliziweka mtandao wa ndani zote, nikapita meza kwa meza kukagua kabla hatujaanza. Siwezi kuapa kwamba hakuna aliyebadilisha baada ya mimi kupita.

#5 Jembe la Igoma

Mwalimu shukuru Mungu hujalala ndani. Sheria ya mtandao ya 2010 iko wazi, kuwa na Kali Linux tu, ule mfumo wenye zana za udukuzi, kwenye laptopu ni kosa la jinai. TEHAMA wamekuokoa.

#6 Wakili Makongoro

#5, hapana, na umekosea mambo mawili. Sheria ya 2010 ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Unayoikusudia ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, ilipitishwa 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo.

Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida uliyopata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 10 kinahusu vifaa haramu, zikiwemo programu zilizoundwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Ona maneno "isivyo halali" na "kwa ajili ya kutenda kosa". Mwanafunzi anayeshambulia mashine pepe yake mwenyewe, darasani, chini ya mwalimu, hajaingia kwenye mfumo wa mtu. Buchani kuna visu vingi na hakuna anayekamatwa kwa kuwa navyo.

Lakini mwalimu, nawe sikiliza. Mwanafunzi wako akinusa mawasiliano ya kweli ya jengo la utawala, hata kwa bahati mbaya, kuna kifungu cha 6 kuhusu kunasa mawasiliano. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Matokeo ya mitihani, namba za simu, hali ya ada: zote ni taarifa za watu. Kwa hiyo hilo jambo la kibali lina msingi. Tatizo ni kwamba kibali hicho hakipo popote kwa maandishi, kwa hiyo meneja anakitoa au kukinyima anavyojisikia.

#7 Binti Nansio

Mwalimu shikamoo. Mimi nilikuwemo darasani siku ile, meza ya nyuma karibu na dirisha. Nataka watu wajue kitu ambacho waraka haukusema: kabla mtandao haujafa, umeme ulikatika. Ulikuwa mkato wa kufumba na kufumbua. Kompyuta zetu mbili zisizo na betri nzuri zilizima zikawaka tena, zilizobaki ziliendelea. Ndiyo baadaye kidogo tukasikia kelele za foleni nje.

Na hakuna aliyegusa daraja. Tulikuwa bado kwenye hatua ya kwanza, wengine hata mashine ya pili haijamaliza kuwaka.

#8 Dagaa wa Mwaloni

Mimi niliposikia Sangara anataja daraja nikajua ni lile la Kigongo–Busisi 😂 nikasema TEHAMA sasa wanalaumu hadi Sengerema.

#9 Sangara Mkavu

Dagaa, wewe kauke kwanza juani ndipo urudi. Binti Nansio, umeme kukatika kunabadilisha hesabu. Nasubiri ushahidi mwingine kabla sijala maneno yangu.

#10 Fundi Igogo

Ninavyoona mimi hapa hakuna DHCP wala mdukuzi. Hiyo ni lupu. Ofisi nyingi za hapa mjini zina tundu moja la mtandao ukutani na wafanyakazi wanne. Wanafanyaje? Wananunua madukani swichi ndogo ya milango minane, kile kisanduku cha kugawa kebo moja kwa kompyuta nyingi, wanaificha chini ya meza. Siku moja mtu anaona kebo inaning'inia haina pa kwenda, anaichomeka. Kumbe ncha zake zote mbili sasa ziko kwenye swichi hiyo hiyo. Ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka humo bila kutoka, unajizaa, sekunde chache tu jengo zima limejaa. Swichi kubwa zina kinga ya kugundua kitanzi kama hicho na kufunga mlango husika, hizi ndogo za bei rahisi nyingi hazina.

Dalili yake utaiona kwa macho: taa zote za swichi zinawaka kwa pamoja bila kupumzika. Nani alizitazama taa?

#11 Mama Dirisha la Kwanza

Habarini. Nimefuatilia kimya, sasa niseme. Nafanya kazi kwenye jengo hilo hilo. Taa mimi sizijui. Ila mfumo ulipogoma, kijana mmoja wa mazoezi kwa vitendo alifungua ile dirisha nyeusi ya maandishi kwenye kompyuta yangu, nami nikapiga picha kwa simu ili nikaulizwa niwe na jibu. Imeandikwa anwani inaanza na 169.254. Kama inasaidia.

Halafu naomba mtu yeyote asije akamtupia lawama dada anayefagia kwamba alichomeka kebo. Nimeona mnapoelekea. Yule hupita saa kumi na mbili asubuhi, mtandao ulikufa saa tano.

#12 Sangara Mkavu

Mama, inasaidia sana! Windows ikiomba anwani na isipate jibu kutoka kwa yeyote, inajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Kwa maneno mengine, kompyuta yako iliita na hakuna aliyeitika. Kama seva ya mazoezi ya mwanafunzi ndiyo ingekuwa imevamia, ungepewa anwani, tena ya uongo. Kwa hiyo nadharia yangu ya #2 imepata jeraha kubwa. Sijaizika, maana uvamizi huweza kugusa kompyuta moja na kuiacha nyingine, lakini imelala kitandani.

#13 Fundi Igogo

Na lupu nayo ikijaza mtandao, ombi la anwani halifiki. Majibu yake ni hayo hayo ya 169.254. Nadharia yangu iko hai.

#14 Mzee wa Ruta

Nami naongeza ya tatu, na hii inaniuma kwa kuwa iliwahi kunitokea. Vyuo vingi seva ya kugawa anwani ni kompyuta ya mezani ya zamani, imewekwa kona ya chumba cha seva. Betri yake ya saa kwenye ubao mama imekufa. Umeme ukikatika kidogo na UPS (betri ya akiba) ikawa imechoka, inapowaka tena haiendelei: inasimama kwenye kioo cheusi ikisubiri mtu abonyeze F1. Kioo chenyewe hakijachomekwa, nani ataona? Kazi niliyofanya zamani, tulitafuta mchawi saa nzima, tukazima kila kitu, kumbe seva inangoja kidole.

Hilo lingeeleza umeme wa Binti Nansio, na lingeeleza 169.254 ya Mama. Wale ambao walishapata anwani asubuhi wangeendelea kufanya kazi kwa muda, waliowasha upya ndio wangekwama. Mama, kompyuta yako ilizima umeme ulipokatika?

#15 Mama Dirisha la Kwanza

Ilizima. Ya jirani yangu haikuzima, ana laptopu. Lakini naye baadaye alikwama.

#16 Binti Nansio

Kuna jambo lingine. Rafiki yangu anafanya mazoezi kwa vitendo ofisi ya mitihani, ghorofa ya juu. Anasema kwake anwani ilikuwa inaanza na 192.168.1. Chuo hakitumii hiyo, tunatumia za 10.

#17 Sangara Mkavu

Haya, kimeumana. 192.168.1 ndiyo anwani ambayo ruta nyingi za nyumbani hutoka nazo kiwandani. Kuna mtu ofisi ile amechomeka ruta yake ya Wi-Fi ukutani ili simu yake ipate mtandao, na akachomeka mlango usio wake. Hiyo ni DHCP ya uvamizi kabisa, ila mvamizi ana ajira na kitambulisho cha kazi. VirtualBox yenyewe, programu ya kuendesha mashine pepe, kwenye mtandao wake wa host-only kwa kawaida hutoa 192.168.56, kwa hiyo hata hapo maabara ya mwalimu haionekani, labda kama aliwapa anwani za 192.168.1 kwenye zoezi.

#18 Mwana Kwimba

Sangara, sitaki kuficha: zoezi la kitabu cha maabara lina mfano wa 192.168.1. Tuliutumia muhula uliopita. Muhula huu niliubadilisha uwe 172.16, lakini nakala za zamani bado zinazunguka kwa wanafunzi. Kwa hiyo hata hapo siwezi kujitoa.

#19 Ngosha Mtafiti

Nimesoma uzi wote. Mafundi wataendelea kuvutana, mimi niguse la mamlaka. Hili si jipya. Mwaka 1988 mwanafunzi wa Cornell, Marekani, aliandika mnyoo, programu inayojinakili na kusambaa yenyewe, akauachia chuoni kwake, ukaangusha kompyuta 6,000, akafungwa jela. Tangu hapo vyuo vya kule haviruhusu mchezo. Na sisi tujifunze.

#20 Kasuku wa Saanane

#19, tukitoa mfano tuutoe mzima. Robert Tappan Morris alikuwa Cornell, ndiyo, lakini mnyoo aliuachia kupitia kompyuta ya MIT ili chanzo kisijulikane, tarehe 2 Novemba 1988. Hizo 6,000 ni makadirio ya wakati ule, na intaneti yote ilikadiriwa kuwa na kompyuta kama 60,000. Jela hakwenda: miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa MIT hapo hapo.

Lenye manufaa kwa mwalimu ni hili: Cornell iliunda tume kuchunguza. Aliyekaa humo nani? Profesa wa sheria Ted Eisenberg, maprofesa wa kompyuta David Gries na Juris Hartmanis, na pamoja nao Stuart Lynn, aliyekuwa mkuu wa teknolojia ya habari wa chuo. Wafundishaji na wenye nyaya walikaa meza moja, wakatoa ripoti 1989. Na kilichozaliwa na mnyoo ule ni kituo cha kuratibu dharura za kompyuta, na kiliwekwa chuoni, Carnegie Mellon. Sisi hapa tuna kituo kama hicho, TZ-CERT, chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kule walipoungua waliongeza elimu.

#21 Ngosha Mtafiti

Nimerekebishwa, wabeja sana. Hoja yangu ya tahadhari bado naishikilia.

#22 Dada wa Hadubini

Mimi ni wa sayansi ya maabara za afya, nilisomea Bugando. Nawashangaa kidogo mnavyozungushana. Sisi mwaka wa pili tulikuwa tunaotesha bakteria. Wadudu wenyewe wa kuumiza watu, kwenye sahani, mikononi mwa watoto wa miaka 20! Hakuna aliyesema microbiolojia ifundishwe kwa picha. Badala yake kuna kanuni: koti, glavu, kabati la usalama, sahani haitoki mlangoni, kila kitu kinachemshwa kwa mvuke kabla ya kutupwa, na kuna mtu mwenye jina anayewajibika kwa usalama wa maabara. Akiona uzembe anasimamisha kipindi papo hapo. Lakini mtu huyo ni mwanataaluma wa fani ile ile, anajua bakteria ipi ya kuogopa na ipi ya kawaida. Fundi bomba wa jengo hawezi kufunga maabara kwa sababu maji yamekatika ghorofa ya chini.

Mwalimu, kanuni za maabara yako ziko wapi? Zimebandikwa mlangoni? Mwanafunzi anasaini nini kabla ya kuingia?

#23 Mwana Kwimba

Dada, umenigusa penye kidonda. Ninawaambia kwa mdomo kipindi cha kwanza. Karatasi haipo. Niliandika rasimu mwaka juzi, ikapelekwa kitivoni, haikurudi, nami sikuifuatilia. Hilo nalibeba.

#24 Kasuku wa Saanane

Nyongeza kwa Dada: mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, kilitangaza somo la kuandika virusi vya kompyuta, la mwaka wa nne. Kampuni za kuzuia virusi zilipiga kelele kweli. Chuo hakikufuta. Kiliweka maabara isiyounganishwa na mtandao wowote na kuwafunga wanafunzi kwa masharti. Ndicho unachosema.

Lakini kamati nayo si dawa ya kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walituma marekebisho yenye kasoro za makusudi kwenye Linux, mfumo endeshi unaojengwa na wachangiaji wengi, ili waone kama wasimamizi watazigundua. Kamati ya maadili ya chuo ilipoulizwa baadaye ikasema huo si utafiti juu ya binadamu, basi ukapita. Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, akazuia michango yote kutoka chuo kile. Wanakamati walikuwepo, mihuri ilikuwepo, swali la "kazi hii inamwangukia nani?" halikuulizwa vizuri.

#25 Jembe la Igoma

Kwa hiyo hata wasomi wakikaa kamati wanapitisha mabomu. TEHAMA waachiwe kazi yao. Chuo ni kama meli, nahodha mmoja.

#26 Mvuvi Msomi

Jembe, meli umeitaja wewe, ngoja nikuletee mitumbwi. Mimi nimekulia Ukerewe. Zamani doria ilikuwa ya serikali peke yake. Boti inakuja, kokoro, zile nyavu haramu, zinafichwa, boti inaondoka, kokoro zinarudi majini. Baadaye vikaletwa vikundi vya BMU mialoni, wavuvi wenyewe wakawa na sehemu ya usimamizi. Matatizo hayajaisha, wapo waliogeuza BMU mradi wa mifuko yao, siwezi kusema uongo. Lakini angalau anayesimamia anajua kutofautisha wavu wa dagaa na wavu haramu gizani kwa kuushika tu. Afisa aliyekaa mjini anachoma vyote.

Hiyo ndiyo picha ninayoiona kwenye waraka wa mwalimu. Waraka huo umechoma nyavu zote.

#27 Dagaa wa Mwaloni

Mvuvi umeongea kama mzee wa mwalo. Ila swali la kijinga: si inawezekana ni intaneti ya nchi ilikatika? Kama ile tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tukakaa tunaangaliana.

#28 Sangara Mkavu

Si swali la kijinga, ila jibu ni hapana. Mfumo wa malipo ungekwama, lakini kompyuta zingepata anwani zake kama kawaida, kwa sababu anwani zinatolewa ndani ya chuo. Hapa hata anwani hakuna. Umejitahidi, rudi Kirumba.

#29 Bibi wa Buhongwa

Wanangu, mimi sijui swichi. Nina mjukuu anasoma hicho mnachokiita usalama wa kompyuta. Mwaka jana ulikuja ujumbe kwenye simu yangu, "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku hiyo hiyo nilikuwa nadaiwa hela ya mabati kweli. Nikatuma. 180,000. Mjukuu aliporudi alinikalisha chini akanionyesha: namba si ya fundi wangu, jina lililokuja kabla ya kuthibitisha si lake, nilipaswa kusoma jina. Sasa nawafundisha wenzangu kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kila Jumamosi tunasoma meseji za matapeli kwa sauti, kila mtu anasema ameona nini.

Sasa mkifunga hilo darasa, nani atakuja kutukalisha chini?

#30 Mzee wa Ruta

Shikamoo bibi. Umetuweka sawa.

Nirudi kwa mwalimu. Niliwatetea TEHAMA kule juu na sirudi nyuma: mamlaka ya kukata kebo wakati wa ajali lazima yabaki kwao, bila kuuliza kikao. Hata hivyo nimekaa nikafikiri kuhusu waraka. Miaka yangu yote kazini, kamati ya TEHAMA ya chuo ilikuwa na mhasibu, mtu wa manunuzi, mtu wa utawala, na mimi. Hatukuwahi kuwa na mhadhiri wa kompyuta hata mmoja. Tulinunua swichi zenye uwezo wa kukataa majibu ya DHCP kutoka mlango usioaminika, tukaziweka ukutani, hatukuwasha kipengele hicho. Hatukujua? Tulijua. Hatukuwa na muda na hakuna aliyetuuliza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angekiwasha kwa mchana mmoja, akapata na alama.

Kwa hiyo tukigombania nani ana ufunguo, mlango wenyewe tumeuacha bila komeo.

#31 Fundi Igogo

Mzee umesema kweli, lakini wanafunzi kushika swichi za kweli za chuo? Leo anapata alama, kesho ana paswedi ya adimini mfukoni na matokeo yake mwenyewe yako kwenye seva. Mimi hapo sipiti. Kuna kijana ninayemjua aliyekuwa na sapu mbili (mitihani ya kurudia), na vishawishi ni vingi.

#32 Dada wa Hadubini

Wa kwetu pia wana ndugu wagonjwa wodini na bado wanashika sampuli. Anashika chini ya macho ya mtu, na jina lake linaandikwa kwenye daftari.

#33 Wakili Makongoro

Kwa upande wa kanuni, mwalimu angalia hati idhini ya chuo chako. Kwa kawaida mitaala, ufundishaji na mitihani ni ya Seneti. Mali, fedha na ajira ni ya Baraza la Chuo. Kebo na swichi ni mali. Saa za vitendo ni ufundishaji. Waraka wako umeshika vyote viwili kwa mkono mmoja, na hapo ndipo pa kuupinga. Usiupinge wote. Omba ubaki ule unaohusu kebo, uondolewe ule unaohusu somo.

#34 Jembe la Igoma

Hilo naliafiki, ila TEHAMA watasema ukirudisha somo bila kebo umerudisha nini?

#35 Kasuku wa Saanane

Umerudisha Calgary. Soma #24.

#36 Mwana Kwimba

Mrejesho wakuu. Mkuu wa Kitivo aliitisha kikao jana, TEHAMA wakaja. Kulikuwa na heshima, nawashukuru. Meneja akasema hivi: tulikata kebo ya maabara saa tano na dakika 40, saa sita na dakika chache mtandao ukarudi, ushahidi gani mwingine mnataka? Nikauliza katikati ya muda huo mlifanya nini kingine. Wakasema waliwasha upya seva zote na swichi ya ghorofa ya kwanza.

Kumbukumbu za seva ya DHCP tukaonyeshwa. Zinaanza saa sita na dakika 4. Za kabla ya hapo siku hiyo hazipo.

Waraka haujaondolewa. Kitivo kimeniagiza niandike kanuni za maabara upya ndani ya siku kumi, na safari hii Mkuu wa Kitivo mwenyewe atazipeleka. Mhadhiri mmoja kuingia kamati ya TEHAMA: wamesema watalitazama.

#37 Mzee wa Ruta

Kumbukumbu zinaanza dakika ya seva kuwaka. Seva ilikuwa imelala tangu umeme ukatike. F1!

#38 Sangara Mkavu

Au diski ilijaa zikafutwa za zamani. Au saa ya seva yenye betri mbovu ilirudi nyuma miaka, na kumbukumbu za asubuhi zimeandikwa tarehe ya ajabu, ziko faili jingine. Mzee, betri yako ya #14 inakata pande zote mbili. Na ile 192.168.1 hujaieleza.

#39 Fundi Igogo

Na swichi ya ghorofa ya kwanza kuwashwa upya inavunja lupu pia, kama kebo ilichomolewa wakati huo huo. Chini ya meza kuna swichi ndogo au hakuna? Mama Dirisha, chungulia.

#40 Mama Dirisha la Kwanza

Nimechungulia. Ipo, nyeusi, ina kebo tano. Sikuigusa, nimepiga picha tu.

#41 Binti Nansio

Mwalimu, swichi ya ghorofa ya pili haikuwashwa upya. Rafiki yangu wa ofisi ya mitihani alikuwa amekaa karibu na kabati lake, anasema hakuna aliyekuja kulifungua siku ile. Kama haijazimwa, si inahifadhi kumbukumbu zake zenyewe? Ungetufundisha tu jinsi ya kuzisoma.

#42 Mzee wa Ruta

Inahifadhi, lakini nafasi yake ni ndogo, kila siku inayopita mistari mipya inasukuma ya zamani nje. Wiki ya pili hii, huenda bado zipo. Mwalimu, omba ruhusa kwa meneja leo hii, kwa maandishi, na umwambie yeye mwenyewe akae kwenye kiti, sisi tutasimama nyuma yake. Waya wa konsoli ninao, ule bapa wa bluu wa kuunganisha kompyuta na swichi moja kwa moja. Natoka Pasiansi asubuhi, saa mbili nitakuwa getini.

#43 Mwana Kwimba

Barua nimeshampelekea, nasubiri jibu lake. Binti Nansio, njoo na daftari.